Tom Mboya Aliacha Shule, Hakuacha Kusoma

Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge karibu na Thika, nchini Kenya. Baba yake alikuwa mnyapara hapo. Mshahara wake ulikuwa mdogo.

Tom alisoma shule ya sekondari ya Mang'u. Mwaka 1947 aliacha masomo kwa sababu karo ilikosekana. Hakukaa bure. Alikwenda Nairobi akajifunza kazi ya bwana afya. Mwaka 1951 Baraza la Jiji lilimwajiri. Huko aliona kwamba Mzungu mwenye kazi ile ile alilipwa zaidi yake. Akaungana na wenzake kudai haki. Mwaka 1953 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi.

Alijisomea pia kwa njia ya posta. Mwaka 1955 alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford.

Yeye aliyekosa karo aliwatafutia wengine nafasi ya kusoma. Mwaka 1959 alisaidia vijana 81 kwenda vyuoni Marekani. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Maswali

1. Kwa nini Tom aliacha shule?
2. Kijijini kwenu, aliyeacha shule anaweza kujifunza kazi gani?