Salmon: Profesa aliyekuza hopsi zilizokataliwa kwa harufu

WANYWAJI wa bia wanaufahamu uchungu wa hopsi, lakini ni wachache humu nchini waliowahi kuuona mmea wenyewe. Ni mmea wa kutambaa, jamaa ya karibu ya bangi, na haustawi vyema karibu na Ikweta ambako mchana haurefuki msimu wowote.

Profesa Ernest Stanley Salmon, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1871, aliutumikia mmea huo kwa miongo kadhaa. Awali alikuwa mtaalamu wa kuvu, na mwaka wa 1900 alichapisha kitabu kuhusu ukungu unaoshambulia majani. Mwaka wa 1906 alijiunga na chuo cha kilimo cha Wye, jimbo la Kent, na huko akaanza kuzalisha aina mpya za hopsi.

Sawa na mpapai, hopsi huwa na mmea dume na mmea jike. Ndani ya maua ya jike mna vumbi la manjano lenye utomvu mchungu na mafuta ya harufu. Hopsi za Marekani zilikuwa na utomvu tele, ila harufu yake iliwakirihi watengenezaji bia wa Uingereza. Salmon alikusudia kuoanisha uchungu wa huko na harufu ya nyumbani.

Mwaka wa 1916 alipokea kipande cha hopsi mwitu kutoka Morden, Manitoba, nchini Canada. Kilichipuka, kikachavushwa na dume la Kiingereza papo hapo shambani. Mmea huo ulikufa muda mfupi baadaye, lakini mbegu zake zilikuwa zimekwisha kuvunwa.

Miche miwili ya mbegu hizo ndiyo Brewer's Gold, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1934, na Bullion, mwaka wa 1938. Utomvu ulipatikana kwa wingi. Harufu nayo ilimrithi mama: kali, yenye kukumbusha matunda meusi ya porini. Wenye viwanda waliozoea Fuggle na Golding waliikunjia pua, na kwa ladha ya siku zile lawama hiyo haikuwa ya bure.

Salmon alifariki mwaka wa 1959. Mwaka wa 1990 jimbo la Washington, Marekani, lilitoa hopsi iitwayo Centennial, ambayo robo tatu ya nasaba yake ni Brewer's Gold. Watengenezaji bia waliipenda kwa harufu yake.