Alitolewa chuoni, akaja kuongoza chuo miaka 30

Hebu niambie, ungefanya nini kama chuo kingekupokea, usome mwaka mzima, halafu uambiwe nafasi yako haipo tena? Si kwa sababu ya karo, wala hukufeli. Ni kwa sababu tu wewe ni mwanamke.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Emily Blackwell. Mimi niliyeacha chuo katikati najua vile inauma kuona wenzako wakivaa joho. Lakini mimi nilijitoa. Yeye alitolewa.

Emily alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka wa 1826, familia ikahamia Marekani akiwa mtoto. Dada yake, Elizabeth, ndiye mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari Marekani, mwaka wa 1849. Ungedhani sasa mlango uko wazi. Wapi! Chuo kile kile cha Geneva kilichompa Elizabeth shahada kilimkataa Emily. Vingine vingi vikamkataa pia.

Mwaka wa 1852, Rush Medical College ya Chicago ikamchukua. Madaktari wa jimbo wakapiga kelele, chuo kikamfungia mlango. Unadhani alirudi nyumbani kulia? Alihamia Cleveland, akahitimu 1854, kisha akavuka bahari hadi Edinburgh kujinoa kwa James Young Simpson, yule wa klorofomu.

Mwaka wa 1857, yeye, Elizabeth na Marie Zakrzewska wakafungua hospitali New York ya kutibu wanawake na watoto maskini. Kumbuka, wanawake waliosomea udaktari hawakuwa na wodi za kujifunzia. Hapo wakapata. Mwaka wa 1868 wakaongeza chuo. Mwaka uliofuata Elizabeth akahamia Uingereza, na mzigo wote ukabaki kwa mdogo wake: kuongoza chuo, kufundisha, kupasua wagonjwa.

Sasa sikia hapa. Emily angeweza kurahisisha mambo ili apate wanafunzi wengi. Hakufanya hivyo. Wakati vyuo vingi vilitosheka na miaka miwili, chake kilidai mitatu, baadaye minne. Mitihani ilisimamiwa na madaktari wa nje. Alijua watu wangesema shahada za wanawake ni za bei rahisi, kwa hivyo hakuwapa nafasi ya kusema.

Zaidi ya wanawake 350 walihitimu kwake. Halafu mwaka wa 1899, baada ya Chuo Kikuu cha Cornell kufungua shule ya udaktari New York inayopokea wanawake, Emily alifunga chake na wanafunzi wakahamia huko. Miaka 30 ya jasho, na hakung'ang'ania kiti. Alichotaka ni mlango ufunguliwe. Ulipofunguliwa, kazi ilikuwa imeisha.

Alifariki Septemba 1910, miezi michache tu baada ya Elizabeth.

Kwa hivyo wewe uliyefungiwa mlango mwaka huu, usijihesabu umekwisha. Tafuta Cleveland yako. Na siku ukishika ufunguo, usisahau walio nje.