Sidney Farber, munganga aliyekatala kuacha watoto wa kanseri ya damu

Kwa miaka karibu 20, Dokta Sidney Farber alikuwa anawajua watoto wenye kanseri ya damu wakiwa wamekwisha kufa. Kazi yake katika hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, ilikuwa kupasua maiti na kutafuta kwa darubini nini kiliwaua. Kwenye vitanda, wenzake hawakuwa na dawa. Waliongeza damu, wakatuliza wazazi, basi. Mtoto mwenye lukemia kali aliishi wiki chache, ao miezi michache.

Farber alizaliwa Buffalo tarehe 30 Septemba 1903, mtoto wa 3 kati ya 14 katika familia ya Wayahudi. Vyuo vingi vya uganga vya Marekani vilipokea Wayahudi kwa kuwahesabu, kwa hiyo akaanzia masomo Ujerumani kabla ya kuingia Harvard, akamaliza 1927.

Mwaka 1947 alijaribu kuwapa wagonjwa dawa za jamii ya asidi foliki, ile vitamini ambayo huku Kongo mama wajawazito wanapewa kwenye CPN. Vitamini hii inasaidia mwili kutengeneza damu. Kumbe kwa hawa watoto ilichochea ugonjwa! Farber akageuza wazo: kama inalisha kanseri, itafutwe kitu cha kuizuia. Yellapragada Subbarow, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyeongoza utafiti kwenye kampuni ya Lederle, akamletea aminopterini. Inafanana na ile vitamini, lakini chembe ya kanseri ikiimeza inashindwa kuzaana.

Waganga wengine walipinga. Waliona heri watoto waachwe wafe kwa amani, na hawakusema hivyo kwa roho mbaya: ile dawa ilikuwa sumu, ilileta vidonda vya kinywa. Mwisho wa Desemba 1947, Farber alianza kuitoa kwa mtoto wa miaka 2, pacha. Mtoto ambaye hakuweza tena kutembea alirudia kucheza na ndugu yake. Juni 1948 Farber akatangaza matokeo: kati ya watoto 16, 10 walipata nafuu. Wengi hawakumwamini. Na kweli, baada ya miezi kanseri ilirudi, na yule pacha pia alikufa. Lakini hakuna aliyekuwa amewahi kuirudisha nyuma namna ile.

Pesa zilitoka wapi? Kwa redio. Mei 1948, kipindi kilichosikika Marekani nzima kilizungumza na mtoto mgonjwa wa Farber, aliyepewa jina la Jimmy, akiwa kitandani, na wachezaji wa besiboli wakaingia kumsalimia. Waliomba dolari 20.000, mwaka ule zikaingia zaidi ya 231.000.

Farber aliendelea kuomba, mpaka kwa wabunge, na mwaka 1971 serikali ikatunga sheria ya kupiganisha kanseri. Alikufa tarehe 30 Machi 1973. Ndugu wa aminopterini, metotreksati, bado iko katika matibabu ya lukemia ya limfoblasti, ile inayokamata watoto zaidi. Katika nchi tajiri karibu 9 kati ya 10 wanapona. Utafiti uliotangazwa mwisho wa 2024 ulionyesha kwamba dawa mpya, blinatumomabu, inapunguza ugonjwa kurudi, lakini ilipewa pamoja na zile dawa za zamani.

Jimmy, ambaye kanseri yake ilikuwa ya tumbo, alipona. Alikuwa dereva wa lori, akaishi mpaka 2001.