Seymour Cray: Bingwa wa kompyuta aliyepambana na joto

Tanga msimu wa kaskazi, chumba kinapita nyuzi 30 hata kabla hujawasha kompyuta. Kama unataka kuongeza kasi ya prosesa kupita ile ya kiwandani, yaani ovakloki, ili gemu lisikwame, maisha ya Mmarekani huyu yanakuhusu.

Cray alizaliwa Septemba 28, 1925, katika mji mdogo wa Chippewa Falls, Wisconsin, baba yake akiwa mhandisi. Baada ya kutumikia jeshi kwenye Vita vya Pili vya Dunia, alisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Minnesota.

Mwaka 1964 alitikisa dunia na CDC 6600, kompyuta yenye kasi kuliko zote wakati huo. Mwaka 1972 akafungua kampuni yake, na 1976 Cray-1 ya kwanza ikaenda maabara ya Los Alamos. Ilikimbia megahezi 80. Leo simu ya bei poa inaiacha mbali, lakini enzi hizo ilikuwa balaa.

Siri yake? Alifupisha nyaya na kubana vipuri karibu karibu ili umeme usisafiri mbali. Tatizo, vikibanwa vinachemka. Kwa hiyo Cray-1 ilipozwa kwa Freon, gesi ya friji. Cray-2 ya 1985 ndiyo kiboko: saketi zake zilizamishwa kwenye kimiminika kisichopitisha umeme.

Yaani kwake kupoza kulienda sambamba na kasi. Hapo ndipo vijana wengi huchemsha.

Feni haiwezi kushusha joto la prosesa chini ya joto la chumba. Aliyeko Lushoto anaanza na nafuu, wewe wa Tanga mjini unaanza juu. Futa vumbi kwanza, badilisha pesti ya kupitisha joto, kisha panda kidogo kidogo. Kila hatua, ipe kazi nzito na uangalie joto. Ikikaribia nyuzi 90, ikiganda au kujizima, rudi nyuma. Usikimbilie kuongeza volti, ndizo zinazounguza. Na kumbuka, prosesa nyingi, hasa za laptopu, zimefungwa kiwandani, haziongezwi.

Cray alipata ajali ya gari Colorado Septemba 1996, akafariki Oktoba 5 akiwa na miaka 71. Wakati huo alikuwa bado anabuni kompyuta nyingine.