Ed Wood: Bingwa wa filamu mbovu aliyekufa kabla ya kuvuma

WAPENZI wa sinema wanapokutana na kubishana kuhusu filamu mbovu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, jina moja hutajwa kabla ya mengine. Ni jina la Edward Davis Wood, Mmarekani aliyejulikana zaidi kama Ed Wood, ambaye kazi zake zimewavunja watu mbavu kwa miongo kadhaa, ingawa yeye alizitengeneza kwa dhati kabisa.

Hata hivyo, mwongozaji huyo hakuishi kuuona umaarufu wake. Aliiaga dunia mwaka 1978 akiwa fukara asiye na makazi, miaka miwili tu kabla jina lake halijaanza kuvuma.

Wood alizaliwa Oktoba 10, 1924, katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York, akiwa mtoto wa mfanyakazi wa posta. Tangu utotoni alikuwa mpenzi mkubwa wa sinema, hasa zile za wapanda farasi wa Magharibi na za kutisha. Aliyemvutia zaidi alikuwa Bela Lugosi, mwigizaji mzaliwa wa Hungaria aliyepata sifa duniani kwa kuigiza mnyonya damu katika filamu ya Dracula ya mwaka 1931.

Wazazi wake walimnunulia kamera angali mdogo, na baadaye alipata kibarua cha kuwaonyesha watazamaji viti katika jumba la sinema. Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la Marekani na kushiriki Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vita vilipokwisha hakurejea kuishi maisha ya kawaida mjini kwao. Mwaka 1947 alielekea Hollywood, akiwa na ndoto nyingi na fedha kidogo.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Glen or Glenda, ilitoka mwaka 1953. Mtayarishaji alitaka sinema ya haraka itakayovuna fedha kutokana na habari za Christine Jorgensen, Mmarekani ambaye kubadilishwa kwake jinsia kulitikisa magazeti mwaka 1952. Wood aliigeuza kuwa kisa cha mwanamume anayependa kuvaa mavazi ya kike, akawaomba watazamaji wamwelewe mtu wa namna hiyo badala ya kumdhihaki.

Kisa hicho kilikuwa chake mwenyewe. Wood alipenda mavazi ya kike, hususan sweta za manyoya laini, na ndiye aliyeigiza nafasi ya mhusika mkuu kwa kutumia jina jingine. Filamu ilikuwa imejaa picha zisizohusiana na hadithi, zikiwamo za nyati wakitimua mbio, lakini ujasiri wa kueleza siri kama hiyo katika Marekani ya wakati ule haukuwa mdogo.

Katika filamu hiyo alimshirikisha Lugosi, ambaye wakati huo alikuwa mzee aliyesahauliwa na kampuni kubwa, mgonjwa na aliyeathiriwa na dawa za kulevya. Mwaka 1955 wawili hao walitoa Bride of the Monster, ambamo pweza wa bandia hakuwa na mota ya kumwezesha kusogea. Waigizaji waliodaiwa kukamatwa na pweza huyo walilazimika kuitikisa mikono yake wao wenyewe huku wakipiga mayowe.

Lugosi alifariki dunia Agosti 1956, akiacha picha chache za kimya alizopigwa na Wood. Mwongozaji huyo hakutaka zipotee. Alitunga hadithi ya viumbe wa anga za mbali wanaofufua maiti ili kuwazuia binadamu kutengeneza silaha ya kuangamiza ulimwengu, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Plan 9 from Outer Space.

Fedha zilitoka kwa waumini wa kanisa la Kibaptisti, na baadhi ya washiriki walikubali kubatizwa ili kazi iendelee. Nafasi ya marehemu Lugosi ilijazwa na mtaalamu wa tiba ya mgongo aliyekuwa akimtibu mke wa Wood. Mtu huyo alikuwa mrefu kuliko Lugosi na hakufanana naye hata chembe, hivyo alitembea filamu nzima akiwa ameufunika uso kwa joho.

Filamu hiyo, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957, ndiyo karamu ya wapenzi wa filamu mbovu. Visahani vya angani vinaning'inia kwenye nyuzi, mawe ya makaburi yanatikisika yakiguswa, chumba cha marubani kimetengwa kwa pazia, na usiku hugeuka mchana ndani ya tukio lilelile. Polisi mmoja anajikuna kwa mtutu wa bastola yake. Watazamaji hushindana kuyabaini makosa hayo, na kila wanaporudia kuitazama hugundua jipya.

Wakati ule hapakuwa na wa kushangilia. Filamu yake nyingine, Night of the Ghouls, ilizuiliwa kwa miaka mingi kwenye maabara ya kusafishia filamu kwa sababu alishindwa kulipa deni. Baada ya mwaka 1960 kazi zilizidi kuwa haba, akaishia kuandika riwaya za bei rahisi na hadithi za ngono ili apate kodi ya nyumba, huku pombe ikimmaliza.

Desemba 1978 yeye na mkewe, Kathy, walifukuzwa katika nyumba waliyopanga Hollywood, wakahifadhiwa na rafiki yao mwigizaji. Siku chache baadaye, Desemba 10, Wood alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 54.

Mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, walichapisha kitabu kilichomtangaza kuwa mwongozaji mbaya kuliko wote, na Plan 9 kuwa filamu mbaya kuliko zote. Dhihaka hiyo ndiyo iliyomfufua. Kumbi zilijaa watu waliotaka kucheka, na mwaka 1994 mwongozaji Tim Burton alitoa filamu kuhusu maisha yake, iliyompatia Martin Landau tuzo ya Oscar kwa kuigiza nafasi ya Lugosi.

Filamu mbovu za miaka ya 1950 zilikuwa nyingi, na karibu zote zimesahauliwa kwa kuwa zilitengenezwa na watu wasiojali. Wood alijali mno. Alichokosa ni fedha, muda na kipaji cha kuliona kosa. Watazamaji huanza kwa kumcheka, lakini filamu inapokwisha wengi huwa wamekwisha kumpenda.