Gavana Götzen na sarafu iliyotuachia neno "hela"

Siku ya gulio, kutoka Rangwi hadi Mlalo, neno "hela" linatajwa mara nyingi kuliko salamu. Limetokana na Heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904, wakati gavana akiwa Gustav Adolf von Götzen.

Götzen alizaliwa mwaka 1866 katika familia ya makabaila huko Silesia, eneo ambalo leo liko Poland, akawa ofisa wa jeshi. Desemba 1893 aliondoka Pangani na msafara mkubwa. Mwaka uliofuata alionana na Mwami Rwabugiri wa Rwanda, akafika Ziwa Kivu, kisha akatokea upande wa Atlantiki kupitia Kongo. Safari hiyo ilimpa jina, na mwaka 1901 akaletwa Dar es Salaam kuwa gavana.

Wakati huo rupia 1 ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 rupia 1 ikawa na heller 100.

Heller 1 ilikuwa na uzito wa gramu 4. Haikuwa shaba tupu. Shaba ilichanganywa na madini ya bati ili iwe ngumu na isichakae upesi mikononi. Kiwandani mchanganyiko huyeyushwa, humiminwa kwenye kalibu uwe mapande, kisha hubanwa kwa mitambo mpaka uwe bamba jembamba. Bamba hukatwa vidude vya mviringo, na kila kimoja hugongwa katikati ya mihuri miwili ya chuma. Ukiona heller ya zamani yenye taji upande mmoja, tafuta herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Kwa hiyo fedha ya kulipia kodi huku ilitoka kiwandani ng'ambo.

Na mkulima aipate wapi? Kodi ya nyumba ilikuwapo tangu 1898. Aliyekosa cha kuuza alikwenda kufanya kazi kwenye shamba la mzungu, akapokea sarafu, akazirudisha bomani. Kusini, Götzen aliongeza mashamba ya pamba ya lazima kuanzia 1902. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba hiyo, na Vita vya Majimaji vikaanza. Majeshi yake yalichoma vijiji na vyakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wengine hutaja hadi 300,000. Hili ndilo jambo kubwa katika maisha yake, kuliko safari na sarafu.

Aliondoka mwaka 1906. Usambara haikupigana vita hivyo, lakini muda mfupi baadaye wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, iliwekewa mfumo wa kadi: mwanamume afanye kazi kwa walowezi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa.

Götzen alifariki Desemba 1910 akiwa Hamburg, mji uleule wa herufi J. Hakuona mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa vitani, wakaanza kugonga sarafu za heller 5 na 20 Tabora, kwenye karakana ya reli. Hizo ndizo zilizotengenezwa huku kwetu. Meli iliyopewa jina lake, Graf von Götzen, ilizamishwa Ziwa Tanganyika mwaka huohuo. Iliibuliwa baadaye, na tunaijua kama Liemba.