Hubert Ogunde na Jukwaa la Kisiasa Nchini Nijeria

Mijadala yetu kuhusu sanaa za maonyesho na ukombozi aghalabu huanzia Kamĩrĩĩthũ, 1977. Miongo mitatu kabla ya hapo, Hubert Ogunde alikuwa tayari amekwisha kugongana na dola kwa sababu ya jukwaa.

Ogunde alizaliwa mwaka 1916 katika mji wa Ososa, karibu na Ijebu-Ode, akalelewa baina ya nyimbo za kanisa na ngoma za jadi za Wayoruba. Alifundisha shule, kisha mwaka 1941 akajiunga na polisi wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1944, akiwa bado askari, alitunga opera ya kidini kwa ajili ya kanisa moja, ikaonyeshwa katika Ukumbi wa Glover, Lagos. Mwaka uliofuata aliunda kikundi chake, na hatimaye akaacha upolisi.

Mwaka huo wa 1945 wafanyakazi wa serikali waligoma kwa kuwa mishahara haikulingana na gharama za maisha. Ogunde aliugeuza mgomo huo kuwa mchezo, Strike and Hunger. Mwaka 1949 polisi waliwapiga risasi na kuwaua wachimba makaa ya mawe 21 huko Enugu. Mwaka 1950 akatoa Bread and Bullet. Michezo hiyo ilimletea misukosuko na polisi huko Jos na Kano.

Suala la lugha linastahili kuangaliwa. Michezo hiyo ya awali ilikuwa na majina ya Kiingereza, ilhali uhai wake ulikuwa katika nyimbo za Kiyoruba. Nyimbo zilitungwa kikamilifu. Mazungumzo, kwa sehemu kubwa, yalibuniwa jukwaani kufuatana na hadhira. Wahakiki wengine huuona ubunifu huo wa papo kwa papo kuwa udhaifu wa kifasihi. Kwa maoni yetu ndio uliomwezesha kuzungumzia habari za jana mbele ya watu walioziishi.

Kuhusu wanawake, hukumu ni ngumu zaidi. Kazi ya uigizaji ilidharauliwa, na wasichana waliojiunga waliachishwa na jamaa zao. Ogunde alitangaza nafasi za kazi za malipo kwa wanawake; baadaye, ili asiwapoteze, akawaoa waigizaji wake wengi. Hivyo aliwafungulia jukwaa, na papo hapo akaifunga ajira yao katika ndoa.

Mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya Awolowo kufungwa, alitoa Yoruba Ronu, yaani Wayoruba, fikirini. Ni kisa cha mfalme anayesalitiwa na msaidizi wake, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ni nani aliyekusudiwa. Serikali ya Akintola ilikipiga marufuku kikundi chake katika Jimbo la Magharibi, ndiko kwenye wengi wa wateja wake. Kikundi kisichotegemea ruzuku huishi kwa tiketi. Marufuku hiyo ilikuwa sawa na kunyimwa chakula. Alijibu kwa mchezo mwingine, Otito Koro, yaani ukweli ni mchungu, akaendelea kuonyesha nje ya jimbo hilo hadi utawala wa kijeshi ulipoiondoa marufuku mwaka 1966.

Tangu 1979 aligeukia zaidi filamu. Katika miaka ya 1980 serikali ya shirikisho ilimkabidhi kazi ya kuunda kikundi cha taifa cha sanaa za maonyesho. Alifariki London tarehe 4 Aprili 1990, akazikwa Ososa.